Risala ya Enkutoto kwa Mhandisi Mwenye Mnara

Risala ya Kikundi cha Wafugaji na Wakulima cha Enkutoto, Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kwa mgeni rasmi, Mhandisi Jackie Mbaluka, siku ya kufunga majaribio ya mikanda ya ng'ombe, Julai 2025. Imesomwa na katibu wa kikundi, Ann Waruguru.

Mgeni rasmi, Mhandisi Jackie Mbaluka, maafisa wa kampuni ya simu mlioandamana naye kutoka Nairobi, chifu wetu, wazee, kina mama na vijana, nanyi ng'ombe mlio nyuma ya ua, ambao mwenyekiti amewaomba mnyamaze na mmekataa:

Sopa.

Mgeni rasmi, ukisalimiwa hivyo unajibu "epa". Katika karatasi hii tumeacha mstari mtupu kwa ajili ya jibu lako, maana tulipofanya mazoezi jana kila mtu alikujibia na tukachelewa kumaliza.

KARIBU ENKUTOTO

Sisi wanachama tunakushukuru kwa kufika. Ukiiacha barabara ya Namanga pale Kitengela na kuyapita machimbo ya mawe, njia inayobaki si ya gari la ofisi. Vijana wetu waliyaziba mashimo yake kwa kokoto. Kama bado umerushwarushwa, tunaomba radhi. Kokoto nyingine zilipata wenyewe kabla hujafika.

Tunajua umekuja kufanya nini. Tulipigiwa simu kutoka ofisini kwenu tukaelezwa kwamba leo ndiyo siku ya kufunga majaribio, kwamba mikanda yote ivuliwe ng'ombe na itiwe kwenye gunia moja, na kwamba mwisho wa mwezi huu yale mawimbi membamba yanayoisikiliza mikanda yatazimwa kwenye mnara wa kilimani. Hatukukuita hapa tugombane. Sehemu kubwa ya risala hii ni shukrani, na tunaitoa kwa moyo mweupe, kwa sababu asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hashukuru. Mwishoni tutaomba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi utuone tumeinama.

Ni vizuri pia ujue kwamba risala hii imeandikwa na kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Mureithi, alipita akiondoa kila neno kali. Mama Naisenya, ambaye utamsikia sana hapa, aliyarudisha baadhi. Katibu hakuulizwa.

SISI NI NANI

Enkutoto kwa Kimaasai ni kona, pembe iliyojificha. Zamani kona hii haikuwa na ua hata mmoja. Baadaye ardhi ikagawanywa, wengine wakauza, wengine tukanunua. Tulikuja kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri na mabati yetu, nyaya zetu, miche yetu ya nyanya na maombi yetu ya Jumapili. Wenyeji walitupokea. Tatizo ni kwamba ng'ombe hawakuhudhuria ule mkutano wa kugawa mashamba, na hakuna aliyewatumia habari. Waliendelea kupita njia waliyopita babu zao kwenda mtoni.

Njia hiyo inapita katikati ya nyanya za Mzee Mureithi.

Hatutaki kukumbushana matusi ya miaka hiyo. Itoshe kusema Mzee Mureithi alijenga zizi ingawa hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na zizi lenyewe halikukaa tupu. Ng'ombe akiingia kwenye nyanya alifungiwa humo mpaka mwenyewe aje ajieleze. Mwenyewe akija, hakuja kujieleza, alikuja na rungu na ndugu zake. Chifu wetu, aliyeketi hapa mbele, ndiye aliyechoka kuamua kesi za nyanya akatuambia tuunde kikundi kimoja, wafugaji na wakulima pamoja, ili tukigombana tugombane kwenye kikao chenye wimbo wa mwanzo na sala ya mwisho. Mzee Mureithi tukamchagua mwenyekiti, maana ndiye aliyekuwa na sauti kubwa zaidi.

Lakini wakubwa wanapogombana kuhusu ng'ombe, mgeni rasmi, huyo ng'ombe hutafutwa na nani? Hutafutwa na mtoto.

Mama Naisenya ni mjane. Mumewe alimwachia ng'ombe na binti mmoja, Soipan. Miaka ile ng'ombe anayeongoza akipotea, na wengine wote humfuata, Soipan aliacha shule akaenda kumtafuta. Alipita machimboni, akapita nyuma ya viwanja vyenye mbwa, akafika mpaka kwenye barabara kuu ya malori. Mwalimu wake alikuwa akikiona kiti chake kitupu, anauliza darasa, "Ng'ombe amepotea tena?" na darasa linaitikia ndiyo. Siku moja baada ya mvua, mke wa Mzee Mureithi alimkuta kwenye ukingo wa shimo la machimbo lililojaa maji, anavuta kamba ya ndama aliyekuwa ametumbukia, na udongo aliousimamia unamumunyuka chini ya miguu yake. Alimshika nguo akamrudisha nyuma. Ndama hakupona.

Tuliogopa sana siku hiyo, sote, wenye ng'ombe na wenye nyanya.

KIDUDE CHENYE NENO MOJA

Hapo ndipo mlipoingia ninyi. Mlimtuma fundi wenu, Gakuru, aje na mikanda ya shingoni, kila mmoja na kidude kidogo kisichozidi kiberiti cha jikoni. Tulimpokea kwa mashaka. Wengine waliuliza kama kidude kitawaambia madalali ni nani ana ng'ombe wengi. Mama mmoja, ambaye ameomba asitajwe, aliuliza kama kuna saizi ya kumtosha bwana yake.

Gakuru hakukasirika. Alichuchumaa hapa hapa akatueleza, na maneno yake tumeyaweka kama alivyoyasema, kwa sababu mpaka leo ndiyo tunayowaeleza wageni:

"Simu yako inaongea sana, ndio maana jioni iko chini. Inabeba video, inabeba picha, inabeba udaku. Hii haibebi hizo. Hii inalala. Ikiamka inaambia busta, ule mnara wa kilimani, neno moja tu, 'niko hapa', halafu inalala tena. Kwa sababu neno ni moja, njia yake ni nyembamba, na hiyo njia nyembamba inapenya mahali simu yako haifiki. Na betri inakaa miaka."

Hatukumwamini. Huku bondeni mtu akitaka kupiga simu lazima apande juu ya jiwe, na kuna mawe mazuri na mawe mabaya. Basi Gakuru akafunga mkanda kwenye shingo ya ng'ombe wa Mama Naisenya, ng'ombe akashuka mpaka chini kabisa kwenye korongo, mahali ambapo hakuna jiwe lililowahi kusaidia mtu. Tukasubiri tukinywa chai. Simu ya Gakuru ikalia. Alipotuonyesha, kwenye picha ya ramani kulikuwa na doa dogo la kijani, limesimama kwenye korongo. Mzee mmoja alivaa miwani akalitazama kwa muda, akasema, "Huyo ni yeye. Hata amesimama vile yeye husimama."

Maafisa wenu walikuwa wamependekeza mikanda wavalishwe ng'ombe wenye bei kubwa. Sisi tukasema hapana, avalishwe yule anayetangulia. Ng'ombe wa bei anafuata tu. Ukijua aliko wa mbele, umejua waliko wote. Mlitusikiliza mkakubali, na kwa hilo pia tunashukuru, maana si kila anayekuja na kitu kutoka mjini husikiliza.

MEMA TULIYOYAPATA

Mgeni rasmi, tukianza kuhesabu hatutafika kwenye chakula. Tutataja machache.

Nyanya za Mzee Mureithi zimeiva. Ng'ombe mwenye mkanda akikaribia ua wake, simu yake hupata ujumbe. Yeye hutoka na fimbo, hasimami kama askari, husimama kama mwenye nyumba, kisha humpigia simu Mama Naisenya: "Mama Soipan, wageni wako wamefika." Naye hujibu, "Waambie ninakuja, wasikule chochote." Lile zizi siku hizi lina mbuzi wake mwenyewe, na mbuzi hao wanachungwa na vijana wa Kimaasai.

Kuna ng'ombe wetu mmoja aliyetumbukia kwenye shimo la machimbo msimu wa mvua uliopita. Doa lake lilisimama mahali pamoja tangu asubuhi, na ng'ombe mzima hasimami hivyo. Tulienda moja kwa moja na kamba, tukamtoa akiwa hai. Leo ananyonyesha. Ni yule anayelia kuliko wote hapo nyuma, kwa hiyo kelele hizo zichukue kama shukrani zake.

Na Soipan hajaacha shule tena kutafuta ng'ombe. Mwalimu wake yuko hapa leo na amethibitisha. Yuko Gredi ya Tisa, na mwisho wa mwaka huu atafanya mtihani wa kwenda sekondari ya juu. Anapenda hesabu, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika ukoo huo. Mama yake huenda naye mpaka njia panda kila asubuhi, kisha hurudi nyumbani, hutazama simu, huona doa la kijani, huketi chini na kunywa chai yake mpaka iishe. Anasema zamani chai yake ilikuwa inapoa kila siku.

Kwa hayo, mgeni rasmi, tunasema asante. Ashe oleng. Tulimwomba Mungu mvua na amani na watoto wasome. Mvua inategemea mwaka, lakini yale mengine mawili yalikuja na kidude chenu, na hatuoni haya kusema hivyo kanisani.

MTAMBA WA KONA BARIDI

Sasa tunafika kwenye jambo lililowaudhi. Tulikubaliana tulieleze wazi, kwa sababu tunaamini ulisimuliwa na watu ambao hawakuwepo.

Ule mwaka wa kiangazi kikali, 2022, ng'ombe wengi walikufa wakiwa wamesimama. Mama Naisenya aliswaga wachache waliobaki mpaka Kona Baridi, kule juu ambapo barabara ya Magadi huanza kuteremka. Mzee mmoja anayeitwa Parmuat alikuwa na majani kidogo na tangi la maji. Hakuwa na undugu naye. Alifungua lango, akawaacha ng'ombe waingie, na hakutaka malipo yoyote. Wakakaa kwake mpaka mvua iliporudi. Hao ndio ng'ombe unaowasikia.

Fadhila kama hiyo Mmaasai hairudishi kwa noti. Huirudisha kwa mnyama. Mama Naisenya alingoja mpaka akapata mtamba mzuri, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Alikuwa binti wa yule anayetangulia, naye pia ameanza kutangulia, na kwa sababu hiyo Gakuru alikuwa amemvalisha mkanda. Mwaka huu, mwezi wa nne, mtamba akapakiwa kwenye pikapu akapelekwa Kona Baridi kwa Mzee Parmuat.

Alikwenda na mkanda wake. Katika desturi ya nyumba ya Mama Naisenya, mnyama wa zawadi hutoka zizini kama alivyosimama. Kama ana kengele, huenda na kengele. Kama ana kamba, huenda na kamba. Kumvua kitu langoni ni kumwambia rafiki yako kwamba moyo wako umebaki na kipande.

Ikabaki simu. Mtamba alikuwa bado amesajiliwa kwa jina la Mama Naisenya, na programu yenu inataka mnyama akiondoka mwenyewe aseme sababu. Soipan akamsomea mama yake. Maneno yalikuwa matatu: ameuzwa, amekufa, amepotea.

"Ameuzwa?" Mama Naisenya akasema. "Nimuuzie Parmuat, baada ya yale alifanya? Toa hiyo."

"Kuna amekufa."

"Wewe, unaombea mtamba wa watu kifo? Toa."

"Basi imebaki amepotea, mama."

Akafikiri. Akaona kupotea hakumtukani mtu wala hakumlaani mnyama, na kweli zizini hayuko. "Weka hiyo," akasema.

Mgeni rasmi, yaliyofuata unayajua kwa upande wa Nairobi. Ofisini kwenu doa la kijani likawa jekundu, na likaonekana limetoka Enkutoto kwa mwendo wa gari, limepita Rongai, limefuata barabara ya Magadi, na sasa limesimama Kona Baridi. Mtu wa zamu akafanya alivyofundishwa, akaarifu polisi. Hatumlaumu hata kidogo. Kama ingekuwa ni wizi kweli, tungemchinjia mbuzi.

Askari walifika kwa Mzee Parmuat wakamkuta ameketi na wageni, anawaonyesha mtamba. Wakamuuliza amempata wapi. Akasema amepewa. Wakamuuliza risiti iko wapi. Mzee Parmuat akawatazama, akamwambia aliyekuwa mkubwa wao, "Kijana yangu, baba yako alikupatia risiti ya jina lako?" Akawapa viti na maziwa. Mama Naisenya akapigiwa simu, akapanda juu ya jiwe, akasema na yule mkubwa kwa sauti iliyosikika mpaka kwa Mzee Mureithi. Askari wakaondoka kwa amani wakiwa wamekunywa, na hakuna aliyeshikwa.

Kisha mkamtuma Gakuru akauvue ule mkanda, kwa sababu ni mali ya kampuni. Hilo ni kweli, ni mali ya kampuni, na hatujawahi kusema vingine. Gakuru alikwenda. Alienda kuchukua mkanda, akarudi na kondoo. Mzee Parmuat alipoona kijana amesafiri mbali hivyo kwa ajili ya ng'ombe wake, alifurahi akampa zawadi, na baada ya hapo Gakuru hakuweza tena kunyoosha mkono kwenye shingo ya mtamba. Tunajua aliitwa ofisini akaandike maelezo. Tunaomba asiadhibiwe. Hakushindwa na kazi, alishindwa na adabu, na kijana wa namna hiyo ni hasara kumpoteza.

Baada ya hapo ndipo tukapigiwa simu. Tuliambiwa vifaa vimetumika nje ya eneo, masharti hayakufuatwa, na majaribio yameharibika. Tuliambiwa pia kwamba mikanda yetu ni michache mno kwa mnara mzima kuendelea kuisikiliza.

Kuhusu uchache hatuna ubishi, macho tunayo. Lakini kuhusu kuharibika, turuhusu tuseme jambo moja kwa heshima zote. Mlitaka kujua kama neno la kidude hiki linafika mbali na kama linavumilia milima. Mama Naisenya amewapimia mpaka Kona Baridi, na hakudai hata posho ya safari. Ule mkanda bado unasema "niko hapa" kila siku kutoka kule juu kwenye baridi. Sisi kwa macho yetu tunaona majaribio yamefaulu kuliko mlivyopanga.

TUNAYOOMBA

Ombi letu la kwanza ndilo ombi lenyewe. Mgeni rasmi, tunaomba mawimbi membamba yasizimwe kwenye mnara wa kilimani, na mikanda irudi shingoni. Tuko tayari kulipia kila mkanda kama tunavyolipia simu zetu, na tuko tayari kuwashawishi majirani wa upande wa Isinya waje tuwe wengi. Mzee Mureithi amejitolea kwenda mwenyewe. Tumemwomba asipaaze sauti.

Hapa Mama Naisenya alitaka maneno yake yasomwe yalivyo. Mwenyekiti aliyaondoa mara ya kwanza. Yamerudi:

"Mwambieni huyo mama mhandisi sina kinyongo na yeye. Lakini akizima, mimi sitaenda kutafuta ng'ombe, magoti yamekataa. Atatoka Soipan. Ataacha mtihani atoke. Akienda machimboni ajue si mimi nimemtuma."

Wengine tulitaka kulainisha, tukakuta hakuna mahali pa kulainisha.

Ombi la pili ni dogo na halihitaji mnara. Kwenye programu yenu ongezeni neno la nne: ametolewa zawadi. Mtu akilibonyeza, asiitwe mwizi yeye wala aliyempokea. Tunadhani mtashangaa litakavyobonyezwa, Kajiado nzima.

Tulikuwa na ombi la tatu kuhusu barabara, lakini chifu ametukumbusha kwamba wewe si serikali.

MKONO WA WENYEJI

Gunia mliloliagiza liko mezani, mbele yako. Tulitii. Mikanda imo, tumeifuta vumbi, na betri bado nzima. Utakapoihesabu utakuta imepungua miwili. Mmoja unajua uliko. Wa pili tutakuonyesha sasa hivi.

Mkono mtupu haulambwi, na wewe ni Mkamba, hatuna haja ya kukufundisha thamani ya ng'ombe. Kikundi kimekutolea mtamba. Ametoka katika zizi la Mama Naisenya, mdogo wake yule wa Kona Baridi, na wanachama wote tumechangia, wenye nyanya na wenye ng'ombe. Yuko pale langoni, ameshikwa kamba na binti aliyevaa sweta ya shule. Huyo binti ndiye Soipan.

Amevaa mkanda. Tulijadiliana sana kama tumvue, kwa kuwa tulijua mmesema mikanda yote. Wafugaji walinyamaza, hawakutaka kuonekana wakaidi mbele ya kampuni. Aliyesimama ni Mzee Mureithi, mwenye nyanya, mtu wa Nyeri. Akasema, "Wacheni hivyo. Mkimvua mtakuwa mmempatia mgeni nusu ng'ombe." Mama Naisenya alimpa mkono, na kikao kikafungwa kwa sala.

Tunajua unaishi kwenye ghorofa na hatutarajii umpandishe ngazi. Atakaa hapa Enkutoto, atakula nyasi za hapa, atatembea na wengine, na akizaa utaarifiwa. Lakini ni wako. Gakuru ameshaliweka jina lako kwenye mkanda, na ukifungua simu yako utamwona.

Watu wakipeana ndama jike, kwa Wamaasai, hawaitani tena kwa majina. Anayetoa na anayepewa wote huitana Paashe, mpaka kufa kwao. Basi kuanzia sasa, mbele ya chifu na mbele ya Mungu, hatutakuita mgeni rasmi.

Paashe, Enkai akufikishe nyumbani salama. Akujalie mvua Ukambani na majani Kajiado, akuinulie watoto wako na wazazi wako, na kazi ya mikono yako isiwe bure. Ukiwa Nairobi ofisini, ukichoka, tazama simu yako. Mtamba wako atakuwa anakwambia neno lake moja, niko hapa, nawe utajua yuko salama.

Na ikiwa mwisho wa mwezi neno hilo halitakufikia, usisumbuke kuuliza ofisini. Tupigie sisi. Mali ya Paashe hatuwezi kuiacha ipotee. Tutamtoa Soipan darasani, aende akamtafute.

Ni sisi Paashe wako,

Kikundi cha Wafugaji na Wakulima cha Enkutoto.